Mwongozo kamili wa kuosha na kuandaa makaa ya mawe: kutoka sampuli ya kwanza hadi rundo la mwisho

Makaa yanayotoka mgodini huwa yamechanganyika. Mashine inayokata mshipa hugusa pia paa na sakafu, baruti hurusha vipande vya mwamba, na mshipa wenyewe mara nyingi una tabaka nyembamba za udongo wa mfinyanzi katikati yake. Vyote hivyo hupanda mkanda mmoja na kufika juu vikiitwa makaa ghafi. Kazi ya kiwanda cha kuoshea ni kutenga kinachoungua na kisichoungua, na kuifanya kazi hiyo bila kutupa makaa mazuri pamoja na mawe.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalosahaulika. Kushusha majivu, yaani kisichoungua kinachobaki makaa yakichomwa, si kugumu: shusha msongamano wa kukatia (kiwango cha uzito kwa ujazo ambacho chini yake kipande huhesabiwa makaa na juu yake jiwe) na majivu yatashuka. Ugumu ni kujua umepoteza tani ngapi za makaa ili kupata punguzo hilo, na kama mteja alilihitaji kweli. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia maabara, na mashine zitafuata.

Kinachooshwa na kisichooshwa

Majivu ndani ya makaa ni ya aina mbili. Yapo yale yaliyozaliwa na mmea wenyewe au yaliyopenya ndani ya makaa kama chembe ndogo mno. Hayo hayatoki kwa kuosha. Yapo pia yale yanayotokana na mwamba, udongo na vibanzi vya madini vilivyoshikamana na makaa kwa nje au kwa tabaka. Hayo ndiyo shabaha yetu. Salfa ni vilevile. Salfa iliyo ndani ya pairiti, yaani madini ya chuma na salfa, inaweza kuondolewa kwa sababu pairiti ni nzito mno, msongamano wake ni takriban 5.0 ukilinganisha na maji. Salfa iliyofungamana na kaboni yenyewe haiondoki hata uoshe mara ngapi. Kabla ya kumwahidi mteja kiwango cha salfa, omba maabara itenganishe aina hizo, maana jumla peke yake haikuelezi kitu.

Njia karibu zote za kuosha hutegemea tofauti ya uzito kwa ujazo uleule. Makaa safi ya kawaida yana msongamano wa takriban 1.25 hadi 1.35. Miamba ya tope na mchanga iko kati ya 2.2 na 2.65. Kati ya hapo kuna vipande mchanganyiko, nusu makaa nusu jiwe, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama kazi yako itakuwa rahisi au ya kuumiza kichwa.

Hatua ya kwanza: sampuli inayosema kweli

Usichukue sampuli juu ya rundo. Makaa yanapomwagwa, vipande vikubwa hubingirika hadi chini na chenga hubaki katikati na juu, kwa hiyo koleo lako litabeba sehemu moja tu ya ukweli. Pahali pazuri ni kwenye makaa yanayotembea: pale mkanda unapomwaga, kwa kifaa kinachokata mkondo wote kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine. Mdomo wa kifaa hicho uwe na upana usiopungua mara tatu ya kipande kikubwa kabisa, la sivyo vipande vikubwa vitagonga ukingo na kuruka nje, na sampuli itaonekana safi au chafu kuliko ilivyo. Chukua mikato mingi midogo iliyosambazwa katika zamu nzima, usitegemee michache mikubwa.

Kadiri vipande vinavyokuwa vikubwa ndivyo sampuli inavyopaswa kuwa nzito. Kwa jaribio kamili la kuelea na kuzama la makaa ghafi yenye mabonge, jiandae kushughulikia mamia ya kilo. Sampuli ya kupimia unyevu itiwe mara moja kwenye chombo kisichopitisha hewa, peke yake.

Kama mgodi bado haujafunguliwa na una viini vya uchorongaji tu, yaani nguzo nyembamba za mwamba zilizotolewa kwa kuchoronga, kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, ongeza kwenye sampuli kiasi cha paa na sakafu ambacho mashine itakikata kweli, kwani kiini cha mshipa mtupu kitakuahidi makaa usiyoweza kuyapata. La pili, kiini hakijapitia misukosuko ya mkanda, pampu na maji. Maabara nzuri hukidondosha kutoka juu na kukizungusha ndani ya maji ili kionyeshe kitatoa chenga kiasi gani, na kama udongo wake utayeyuka kuwa tope. Sehemu hii ya pili ikirukwa, mitambo ya chenga na maji huishia kuwa midogo kuliko mahitaji, na kuipanua baadaye ni gharama kubwa.

Hatua ya pili: jaribio la kuelea na kuzama

Hapa ndipo pa kutumia muda. Chekecha sampuli katika madaraja ya ukubwa, kisha kila daraja litumbukizwe kwenye vimiminika vyenye misongamano inayopanda: 1.30, 1.40, 1.50, 1.60, 1.80, na mingine katikati ikihitajika. Kinachoelea kwenye 1.30 hukusanywa, kilichozama huchujwa na kupelekwa kwenye 1.40, na kuendelea. Kila fungu hukaushwa, hupimwa uzito, na hupimwa majivu. Kwa utaratibu wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, majivu hupatikana kwa kuchoma makaa yaliyosagwa hadi nyuzi joto 815 za Selsiasi na kupima kinachobaki.

Kuhusu vimiminika vyenyewe: miyeyusho ya zinki kloridi ni ya bei nafuu lakini hula ngozi na vyuma, tena kwa kuwa ina maji huyeyusha udongo wa mfinyanzi na kuharibu matokeo ya makaa yenye udongo mwingi. Vimiminika vya kikaboni kama perikloroethilini na bromofomu havina tatizo hilo, lakini mvuke wake ni sumu. Lazima kuwe na kabati la kufyonza hewa, glavu zinazofaa na miwani. Hakuna jaribio linalostahili mapafu ya mtu. Vilevile, kama makaa ni ya kutengenezea koka (makaa yaliyookwa bila hewa kwa ajili ya kuyeyushia chuma), tenga sampuli nyingine kwa vipimo vya koka, maana vimiminika hivyo vinaweza kubadili tabia ya makaa.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Tuseme makaa ghafi yametoa mafungu haya:

- Yaliyoelea kwenye 1.30: asilimia 35 ya uzito, majivu asilimia 5
- 1.30 hadi 1.40: asilimia 25, majivu 12
- 1.40 hadi 1.50: asilimia 10, majivu 22
- 1.50 hadi 1.60: asilimia 5, majivu 32
- 1.60 hadi 1.80: asilimia 5, majivu 45
- Yaliyozama kwenye 1.80: asilimia 20, majivu 75

Jumlisha uzito mara majivu ya kila fungu, na utapata makaa ghafi yenye majivu asilimia 25.8. Ukikata kwenye 1.40 unapata asilimia 60 ya mzigo ikiwa na majivu 7.9. Ukikata kwenye 1.50 unapata asilimia 70 yenye majivu 9.9. Ukikata kwenye 1.60 unapata asilimia 75 yenye majivu 11.4, na kwenye 1.80 asilimia 80 yenye 13.5.

Sasa angalia kinachotokea. Kutoka majivu 11.4 hadi 9.9 kunagharimu tani 5 katika kila 100. Kutoka 9.9 hadi 7.9 kunagharimu tani 10. Kila pointi ya majivu ni ghali zaidi kuliko iliyoitangulia, na mteja anayeomba asilimia 8 akaridhika na 11 anakuachia tani 15 katika kila mia. Mazungumzo ya mkataba wa mauzo yafanyike huku jedwali hili likiwa mezani.

Jambo la pili ambalo jedwali linaonyesha ni ugumu wa kutenganisha. Hesabu asilimia ya makaa yaliyo karibu na msongamano wa kukatia, yaani 0.1 chini na 0.1 juu yake. Kipimo kinachotumika tangu miaka ya 1930 kinasema hivi: chini ya 7 ni rahisi, 7 hadi 10 ni ugumu wa wastani, 10 hadi 15 ni kazi ngumu, 15 hadi 20 ni ngumu sana, 20 hadi 25 ni ngumu kupita kiasi, na kupita 25 ni ya kutisha. Katika mfano wetu, kukata kwenye 1.70 kuna asilimia 5 tu karibu yake, rahisi. Kwenye 1.50 kuna 15. Kwenye 1.40 kuna 35. Kwa hiyo makaa yaleyale ni mepesi kuoshwa kwa mteja mmoja na karibu hayawezekani kwa mwingine. Uamuzi wa mashine gani ununue unatoka hapa.

Hatua ya tatu: kuponda bila kusaga

Kuponda kuna kazi mbili: kupata ukubwa ambao mashine zinaweza kuupokea, mara nyingi chini ya milimita 50, na kuachanisha makaa na jiwe lililoshikamana nayo. Ukiponda zaidi unaachanisha zaidi, lakini unazalisha chenga na unga, na chenga ni ghali kuziosha na ghali zaidi kuzikausha. Mimi huanza na kiponda chenye ukali mdogo kabisa unaotosheleza, kisha narudi kwenye jaribio la kuelea na kuzama kuona kama kuponda zaidi kunaongeza mavuno ya maana.

Pale ambapo jiwe ni gumu zaidi ya makaa, pipa la kuzunguka lenye kuta za matundu ni chombo kizuri sana. Huinua mzigo na kuudondosha. Makaa hupasuka na kupita kwenye matundu, mawe magumu hutokea mwisho wa pipa yakiwa mazima. Hapo umeponda na kutenga kwa mpigo mmoja. Kwingineko hutumika viponda vya magurudumu mawili yenye meno.

Kabla ya kiponda weka sumaku juu ya mkanda na kigunduzi cha vyuma. Meno ya mashine za kukatia, boliti za paa na nyaya hufika hapo kila siku, na mara chache hufika baruti ambazo hazikulipuka. Wafanyakazi wawe na amri ya wazi ya kusimamisha mkanda wakiona kitu wasichokijua.

Baada ya kuponda huja kuchekecha kwa maji. Lengo ni kuondoa kila kilicho chini ya milimita 0.5 au 1 kabla ya kwenda kwenye saikloni (chombo cha umbo la pia kinachotenganisha kwa kuzungusha kimiminika kizito, tutakachokiona katika hatua ijayo), pamoja na udongo. Udongo ukiingia kwenye kimiminika kizito hukifanya kiwe kizito kusogea, na vipande havipati nafasi ya kupanda au kuzama kwa wakati. Chunguza matundu ya machekeche kila wiki. Paneli moja iliyotoboka inatosha kuvuruga sehemu yote inayofuata.

Hatua ya nne: kimiminika kizito, moyo wa kiwanda

Kwa vipande vya ukubwa wa kati na vikubwa, njia iliyo sahihi zaidi ni kuviweka kwenye mchanganyiko wa maji na magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, iliyosagwa laini. Magnetiti ina msongamano wa takriban 5.0, na inarudishwa kwa sumaku, kwa hiyo hutumika tena na tena. Kwa saikloni, itafute ambayo asilimia 95 yake iko chini ya maikroni 45; ikiwa na chembe kubwa zaidi ya hapo itatua chini na kujitenga na maji.

Hesabu ya kuandaa mchanganyiko ni rahisi. Ukitaka msongamano wa 1.50, sehemu ya ujazo inayopaswa kuwa magnetiti ni (1.50 – 1) gawanya kwa (5 – 1), yaani asilimia 12.5. Katika mita moja ya ujazo hiyo ni kilo 625 za magnetiti na lita 875 za maji. Kipimo cha mionzi kwenye bomba hukusomea msongamano muda wote, lakini usikiamini bila kukihakiki. Jaza chombo cha lita moja kamili, kipime: kilo 1.50, umo ndani. Fanya hivyo kila mwanzo wa zamu.

Vipande vikubwa hutenganishwa kwenye beseni au pipa, ambamo makaa huelea na mawe huzama yenyewe. Vidogo zaidi, kuanzia takriban milimita 50 kushuka hadi milimita 0.5 au 1, hupelekwa kwenye saikloni. Humo mzunguko huongeza nguvu ya kutenganisha mara nyingi: mazito husukumwa ukutani na kutoka chini, mepesi hutoka juu katikati. Mambo manne huamua kama saikloni inafanya kazi yake.

Shinikizo la kuingilia. Kanuni inayotumika sana ni safu ya kimiminika yenye kimo cha mara tisa ya kipenyo cha saikloni, kwa mfano mita 9 kwa saikloni ya kipenyo cha mita 1. Likishuka, chunguza pampu iliyochakaa au tangi ambalo kina chake kinapanda na kushuka. Pili, uwiano wa kimiminika na makaa kwa ujazo usishuke chini ya 3 kwa 1. Kiwanda kinachosukuma tani kupita uwezo wake huvunja kanuni hii kwanza kabisa, na matokeo yake huonekana kwenye mawe taka kabla ya kuonekana kwenye makaa safi. Tatu, tofauti ya msongamano kati ya kimiminika kinachotoka chini na kinachotoka juu isizidi takriban 0.4, ikizidi, magnetiti yako ina chembe kubwa mno au shinikizo ni kubwa mno. Nne, uchakavu. Pua ya chini ikipanuka, makaa huanza kutoroka na mawe.

Kumbuka pia kwamba saikloni hukata juu kidogo ya msongamano wa kimiminika unachokiingiza, kwa kuwa magnetiti yenyewe husongamana ndani yake. Ukitaka kukata 1.55 huenda ukahitaji kuendesha kwenye 1.50. Tofauti halisi ya kiwanda chako utaijua kwa kupima. Njia nyepesi ni kutupa vipande vidogo vya plastiki vyenye msongamano unaojulikana na rangi tofauti, kisha kuhesabu vingapi vimetoka upande upi. Kutoka hapo unapata nusu ya tofauti kati ya msongamano ambao asilimia 75 ya vipande huenda upande wa makaa na ule ambao asilimia 25 huenda. Namba hiyo ndiyo kipimo cha ukali wa mkato: saikloni nzuri ya kimiminika kizito hutoa 0.02 hadi 0.04 kwa vipande vinavyoipasa.

Jigi, ambayo hupitisha mapigo ya maji kwenye kitanda cha makaa hadi mepesi yakapanda juu, ni imara, haihitaji magnetiti na ni nafuu kuiendesha. Ukali wake ni mdogo, mara nyingi 0.08 hadi 0.15. Kwa makaa ya mfano wetu yanayokatwa kwenye 1.70, jigi ingetosha. Kwenye 1.40 ingemwaga fedha.

Magnetiti inapotoka na makaa huchujwa na kusuuzwa kwenye machekeche, na maji ya kusuuzia hupita kwenye mapipa ya sumaku. Kiwanda kinachotunzwa hupoteza chini ya kilo moja ya magnetiti kwa tani ya mzigo. Ukizidi hapo, anza kukagua kwa mpangilio huu: vinyunyizio vya kusuuzia vilivyoziba, machekeche yaliyobebeshwa mno, mapipa ya sumaku yanayofurika, kisha sakafu. Ndiyo, sakafu. Mwagiko unaosukumwa kwa maji kuelekea mfereji wa taka ni magnetiti uliyokwisha kuilipia.

Hatua ya tano: chenga na unga

Chenga, kati ya milimita 1 na 0.15 hivi, mara nyingi huoshwa kwenye spirali: mfereji unaozunguka nguzo kuelekea chini, ambamo tope la makaa hutiririka, mazito yakikaa ndani na mepesi yakitupwa nje. Hauna injini wala kemikali. Lisha tope lenye asilimia 25 hadi 35 ya yabisi, hakikisha kila mfereji unapata kiasi sawa, na ondoa vijiti na plastiki vinavyokwama kwenye visu vya kugawia. Kasoro yake ni kwamba hukata juu, kati ya 1.6 na 1.8, na kuishusha chini ya hapo ni vigumu.

Kasoro hiyo ina matokeo makubwa kuliko inavyodhaniwa. Tuseme saikloni zako zinakata kwenye 1.45 ili jumla ifike majivu anayotaka mteja, huku spirali zikipitisha hadi 1.75. Upande wa spirali unapokea vipande vyenye majivu zaidi ya 40, na upande wa saikloni unatupa vipande vyenye majivu chini ya 30 ili kufidia. Unatupa kizuri na kuweka kibaya. Mavuno ya juu kabisa kwa majivu yaleyale hupatikana pale kipande cha mwisho kinachokubaliwa kila upande kinapokuwa na majivu sawa. Kama spirali haiwezi kushuka, fikiria tangi la maji yanayopanda, ambalo hukata chini zaidi, au osha chenga mara mbili.

Unga ulio chini ya milimita 0.15 hauna uzito wa kutosha kutenganishwa kwa msongamano kwa urahisi. Hapa tunatumia tabia nyingine: uso wa makaa huyakataa maji, uso wa udongo huyapenda. Tia dizeli au mafuta ya taa, kiasi cha nusu kilo hadi kilo moja kwa tani ya yabisi, yapake chembe za makaa. Tia kemikali ya povu kwa kiasi kidogo sana. Pitisha viputo vya hewa. Makaa hupanda na povu, udongo hubaki. Tope liwe jepesi, asilimia 3 hadi 8 ya yabisi. Povu likiwa kavu na jeusi linalong'aa, uko salama. Likiwa la kijivu na majimaji, udongo unabebwa na maji. Punguza kemikali ya povu au nyunyizia maji safi juu ya povu. Makaa yaliyokaa muda mrefu juani na mvuani huoza usoni na kukataa kuelea, kwa hiyo makaa ya karibu na uso wa ardhi na mabaki ya marundo ya zamani yapimwe peke yake kabla ya kuyaingiza.

Hatua ya sita: kuyatoa maji

Nitasema jambo ambalo wengi hulipuuza. Kwa makaa yenye joto la megajuli 25 kwa kilo, asilimia moja ya maji huondoa takriban joto sawa na asilimia moja ya majivu: imechukua nafasi ya makaa, na bado inahitaji joto ili ivuke. Mtu anayeshusha majivu ya unga kwa pointi 10 na kuuacha na unyevu wa asilimia 28 hajapata alichodhani amepata, na juu yake analipia usafiri wa maji.

Vipande vikubwa hukauka vya kutosha kwenye chekeche linalotikisika. Vya kati huingia sentrifuji ya kutikisika, mashine inayokamua maji kwa kuzunguka kasi, na kutoka na unyevu wa nje wa asilimia 5 hadi 8. Chenga huhitaji sentrifuji kali zaidi. Unga huenda kwenye kichujio cha ombwe au cha shinikizo, na hata hapo hubaki na asilimia 20 na zaidi mara nyingi. Kabla ya kuamua kuokoa unga, fanya hesabu ya mchanganyiko wote pamoja na maji yake. Wakati mwingine jibu ni kuuosha, wakati mwingine ni kuukausha bila kuuosha, na wakati mwingine ni kuuacha.

Maji yenyewe hurudi kiwandani kupitia tangi la kutulizia tope. Kemikali ya kuunganisha chembe iyeyushwe polepole, isikorogwe kwa pampu kali inayokata minyororo yake, iongezwe maji iwe nyepesi, kisha iingizwe sehemu mbili au tatu za bomba badala ya moja. Pima kwa silinda ya lita moja: tikisa, tazama mpaka wa tope unavyoshuka na kama maji ya juu ni maangavu. Udongo ukikataa kutua kabisa, mara nyingi ni kwa sababu chembe zake zinasukumana kwa chaji za umeme. Chumvi za kalisi au kemikali ya kugandisha hutangulia, kisha ndipo ile ya kuunganisha.

Mabaki: sehemu inayoua

Tarehe 21 Oktoba 1966, huko Aberfan nchini Wales, rundo la taka za mgodi wa makaa lililowekwa juu ya chemchemi liliporomoka na kuua watu 144, kati yao watoto 116. Tarehe 26 Februari 1972, bwawa la tope la makaa lilipasuka Buffalo Creek, West Virginia nchini Marekani, likaua watu 125. Sababu zote zilikuwa za kawaida: maji mahali pasipofaa, na kuta zilizorundikwa tu bila kujengwa.

Usimwage taka juu ya chemchemi wala mkondo wa maji. Mawe yatandazwe kwa tabaka na kushindiliwa, yasimwagwe kutoka juu ya kilima. Kama tope linaenda bwawani, ukuta usanifiwe na mhandisi wa mabwawa, uwe na mifereji ya ndani ya kutolea maji, njia ya kumwagia maji ya mvua kubwa, na visima vya kupimia kimo cha maji ndani yake ambavyo mtu aliyetajwa kwa jina anavisoma kwa ratiba. Palipo na uwezo, likaushe tope kwenye kichujio cha shinikizo na ulizike pamoja na mawe; bwawa lisilokuwepo halipasuki. Pairiti iliyokusanyika kwenye taka, ikipata hewa na maji, hutoa asidi kwa miaka mingi. Ifungie hewa kwa kushindilia na kufunika, na changanya mawe ya chokaa pale vipimo vinapoelekeza.

Kukidhibiti kiwanda siku kwa siku

Namba tatu za majivu zinatosha kukuambia mavuno: makaa ghafi, makaa safi na mawe taka. Toa majivu ya ghafi kutoka ya taka, gawanya kwa tofauti ya taka na safi. Katika mfano wetu wa 1.60, taka zina majivu 69: (69 – 25.8) gawanya kwa (69 – 11.4) ni asilimia 75.

Sasa tuseme majivu ya makaa safi yamebaki 11.4 na mteja ana furaha, lakini taka zimeshuka hadi 60. Hesabu inatoa asilimia 70.4. Kwa kiwanda cha tani 500 kwa saa, hizo ni tani 23 za makaa safi zinazokwenda na mawe kila saa, na hakuna kengele iliyolia. Ukigawanya 70.4 kwa 75 unapata ufanisi wa asilimia 94 hivi. Kwa sababu hiyo taka zipimwe majivu kwa bidii ileile ya makaa safi. Mara moja kwa zamu, chota taka za saikloni, zitumbukize kwenye ndoo ya kimiminika cha 1.60 na uangalie nini kinaelea.

Hatua ya mwisho: rundo

Makaa yaliyorundikwa hupumua oksijeni na kupata joto, hasa yakiwa machanga, yenye chenga nyingi na pairiti. Jenga rundo kwa tabaka zilizoshindiliwa, pande zake ziwe na mteremko mpole, na anza kupakia yaliyotangulia kuingia. Choma vipimajoto ndani kila siku chache. Joto likipanda kuelekea nyuzi 60, lichimbue eneo hilo, lisambaze na lipoe. Maji kidogo juu ya rundo lenye moto ndani hayafiki panapoungua.

Kwenye maghala na mahandaki ya chini ya rundo, methani huweza kulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na vumbi laini la makaa lililotulia juu ya mihimili linaweza kuongeza mlipuko mdogo ukawa wa kuangusha jengo. Safisha vumbi kwa kufyonza au kwa maji, kamwe si kwa hewa ya kompresa. Mtu yeyote asiingie ndani ya ghala la makaa kabla mikanda ya juu na ya chini haijafungwa kwa kufuli, hewa kupimwa, na mwenzake kusimama mlangoni akishika kamba yake.